Nukta Haioni

Tuseme una bastola iliyosanifiwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na bado inafanya kazi. Rangi ya chuma chake imefutika pale ambapo mikono ya watu wawili watatu imeishika kwa miaka mingi. Halafu unaipeleka kwa fundi, anaichonga mgongo kwa mashine na kufunga juu yake kioo kidogo, kama stempu ya posta kwa ukubwa. Ndani ya kioo hicho kuna nukta nyekundu. Tangu siku hiyo huhangaiki tena kulinganisha vyuma viwili vidogo ili ulenge. Unaiweka nukta juu ya unachotaka kupiga, basi. Sasa hapo umefanya nini? Umeitengeneza, umeiharibu, au kuna kitu umekibadilisha ndani yako mwenyewe?

Najua swali hili haliwakoseshi watu usingizi Nairobi wala Kisumu. Kenya, raia anayetaka bastola anaanza kwa kuishawishi bodi ya leseni kwamba anaihitaji, na wengi wetu hatutawahi kuigusa maishani. Lakini huku Texas, ninakoishi mwaka wa tisa sasa, jambo hili hujadiliwa jinsi sisi tunavyojadili siasa: kwa sauti ya juu, na kila mtu ana mjomba anayejua zaidi. Mimi sina bastola na sina mpango wa kununua. Ila nimekaa na wanaozimiliki, nimewasikiliza, na nimeona kwamba chini ya mabishano ya vyuma na vioo kuna swali la maadili linalotuhusu hata sisi tuliozoea kuiona bunduki begani mwa polisi tu. Kifaa kikikurahisishia jambo zito, ule uzito unakwenda wapi?

Tuanze na namna ya zamani, maana bila kuielewa mjadala wote unakuwa kelele.

Bastola ninayoizungumzia ni ile inayoitwa 1911. Aliyeibuni ni John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, ambaye alifia kazini Ubelgiji mwaka 1926. Mwezi Machi 1911 jeshi la Marekani liliijaribu kwa kufyatua risasi 6,000, haikukwama hata mara moja, na mwezi huo huo ikapitishwa kuwa bastola ya jeshi. Ilibaki katika kazi hiyo mpaka mwaka 1985, ilipochukuliwa nafasi na Beretta. Kwa raia haijastaafu mpaka leo. Viwanda vingi bado vinaitengeneza, na nyumba nyingi huku zina moja iliyoachwa na baba au babu.

Vilengeo vyake vya asili ni vidogo mno. Mbele, kwenye ncha, kuna kipande chembamba cha chuma kilichosimama. Nyuma kuna kipande kingine chenye mfuo. Kati ya hivyo viwili kuna kama sentimita 16. Ili ulenge unaweka kile cha mbele katikati ya mfuo wa nyuma, vichwa vyao viwe sawa, halafu vyote viwili uvielekeze kwenye shabaha. Inasikika rahisi. Shida ni kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Lazima lichague. Kwa hiyo walimu wa shabaha, kizazi baada ya kizazi, wamefundisha jambo ambalo mara ya kwanza nililisikia nikadhani nimesikia vibaya: tazama kilengeo cha mbele. Kiwe wazi kabisa, uone kingo zake. Shabaha iache iwe na ukungu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ufundi wenyewe, ule wa kuheshimika, unamtaka mtu akitazame chuma chake mwenyewe na kumwacha aliye mbele yake awe kivuli.

Nukta nyekundu inafanya kinyume. Watu wengi wanaichanganya na ile miali ya leza ya kwenye filamu, ambapo jamaa anaona alama nyekundu ikicheza kifuani na kujua kwamba amekwisha. Hiyo ni kitu kingine. Hii nukta haimfikii anayelengwa. Taa ndogo iliyo nyuma ya kioo inatupa mwanga kwenye kioo kilichopindwa kidogo na kupakwa utando maalumu, kioo kinaurudisha mwanga kwenye jicho la mlengaji, na jicho linaona nukta kana kwamba inaelea mbali kule kwenye shabaha. Kwa sababu jicho linaiona mbali, mlengaji hana haja ya kuchagua. Anakitazama anachokilenga, kikiwa wazi, na nukta iko juu yake.

Wazo lenyewe si la juzi. Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alilibuni mwaka 1900, yaani ni la zamani kuliko hiyo 1911 yenyewe. Wajerumani walifunga vilengeo vya aina hiyo kwenye ndege za kivita mwaka 1918, na kufikia Vita vya Pili marubani wa karibu kila upande walikuwa navyo. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikatoa kilengeo cha nukta kinachotumia betri, cha kufungwa kwenye bunduki. Vikaendelea kupungua ukubwa mpaka vikaweza kukaa juu ya bastola bila kuifanya kituko. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya, lilichukua iliyotoka kiwandani ikiwa tayari na mahali pa kufungia nukta. Bastola mpya nyingi siku hizi zinakuja hivyo.

Za zamani hazikuja hivyo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Sehemu ya juu ya bastola, ile wanayoiita slaidi, hurudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka, kisha hurudi mbele. Chochote unachokifunga juu yake kitapigwa mtikiso huo huo maelfu ya mara. Huwezi kukibandika kwa gundi ukaenda zako. Kuna vibao vya kushindilia kwenye mfuo wa kilengeo cha nyuma, ambavyo havihitaji kuchonga chochote, lakini huikalisha nukta juu sana na mkono huchukua muda kuizoea. Njia ya uhakika ni kuchonga: fundi anaondoa chuma mgongoni mwa slaidi, anatoboa matundu ya skrubu, na kioo kinalala ndani ya kitanda chake. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jirani yangu ana umri wa miaka 67. Nilimfundisha neno moja la Kiswahili, mzee, nikamweleza kwamba kwetu ni heshima, si tusi, na tangu siku hiyo hataki nimwite jina jingine. Mzee ana 1911 aliyoinunua babake baada ya kutoka jeshini. Babake alifyatulia makopo nayo, akamfundisha mwanawe nayo, akamwachia. Mzee huenda nayo uwanja wa shabaha Jumamosi mbili kwa mwezi. Miaka ya karibuni alianza kurudi nyumbani amenuna. Karatasi zake zilikuwa na matundu kila mahali, isipokuwa katikati.

Ni macho. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na haiwezi tena kujivuta kuona vitu vya karibu. Ndiyo sababu wazee wetu husoma gazeti wakiwa wamenyoosha mikono kana kwamba linanuka. Kilengeo cha mbele kiko umbali wa mkono, kwa hiyo kwa mtu wa umri wa Mzee kinakuwa kama kibanzi kilichozamishwa kwenye uji. Aliniambia neno ambalo limekaa nami: "Mtu aliye kule namwona. Bastola yangu ndiyo siioni."

Akataka nukta. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akasema hapana, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilihusu babu: bastola ni ya babu, iache alivyoiacha. Ya pili ilimhusu Mzee mwenyewe: mwili ukikwambia huoni, labda unakwambia uiweke chini. Mimi niliombwa maoni kwa sababu nilikuwepo tu, nikila keki yao. Nilisema nitafikiri. Na kweli nimefikiri, miezi kadhaa, na kila sababu ya binti nimeipa zamu yake.

Sababu ya babu kwanza. Je, kitu cha zamani kina haki ya kubaki kilivyo? Wagiriki wa kale waliuliza kuhusu meli ya Theseus: ukibadilisha ubao mmoja mmoja mpaka mbao zote ziwe mpya, ni meli ile ile? Mtu wa Lamu hawezi kulishangaa sana swali hilo. Jahazi likiingia pwani kwa matengenezo hutolewa ubao uliooza likatiwa mwingine, mwaka huu ubavu, mwaka kesho mkuku, na jina linabaki, na nahodha hamwambii mtu kwamba amenunua chombo kipya. Kwetu bara jembe la nyanya hubadilishwa mpini mara tatu na bado ni jembe la nyanya. Kitu cha kazi huishi kwa kutengenezwa. Ukikikataza kubadilika, umekifanya maiti iliyohifadhiwa vizuri.

Tena hiyo 1911 haikuwahi kuwa kitu kitakatifu hata kwa wenyewe. Miaka ya 1920 jeshi liliibadilisha baada ya kuona ilivyofanya vitani: hapa likafupisha, pale likarefusha, na kilengeo chenyewe cha mbele likakipanua kwa sababu askari walilalamika hawakioni. Kwa hiyo anayesema "iache kama Browning alivyokusudia" atuambie kwanza, Browning wa mwaka gani?

Hata hivyo sitaki kumpuuza binti. Kuna tofauti kati ya kitu cha kazi na kitu cha ushahidi. Bastola yenye mihuri ya jeshi, iliyopita mahali fulani, mwaka fulani, mikononi mwa mtu anayejulikana, ni kama hati. Ukiichonga umefuta mstari kwenye hati, na wanaokuja baada yako hawatausoma. Mwenye kitu ana haki ya kukitumia, lakini sioni kwamba ana haki ya kufuta ushahidi ambao si wake peke yake. Ningemshauri yeyote mwenye kitu cha namna hiyo akiache, akanunue kingine cha kuchonga. Ile ya Mzee haikuwa hivyo. Ilikuwa ya dukani, sawa na maelfu nyingine, na ushahidi wake wote ulikuwa ndani ya familia moja.

Fundi ndiye aliyetoa njia ambayo hatukuifikiria. Alisema: usichonge slaidi ya babako. Nunua nyingine iliyokwisha kuchongwa, niikalishe kwenye kiunzi chako, ile ya zamani uifunge kwenye kitambaa uiweke. Akaongeza kitu kilichonifanya nicheke peke yangu njiani. Kwa sheria ya Marekani, bastola ni kile kiunzi chenye nambari. Slaidi, mtutu, vilengeo, vyote hivyo ni vipuri, unaweza kuletewa kwa posta kama viatu. Yaani fumbo la Theseus, ambalo wanafalsafa wamelibishania zaidi ya miaka elfu moja, limeamuliwa na ofisi ya serikali: meli ni ule ubao wenye nambari.

Mzee alifuata ushauri huo. Sasa slaidi ya babake iko kwenye droo, na kiunzi cha babake kiko mkononi mwake kikiwa kimevaa slaidi mpya na nukta. Ukimuuliza ipi ni bastola ya baba, huonyesha droo. Ukiiuliza sheria, itaonyesha mkono. Mimi nadhani Mzee ana haki, kwa sababu kumbukumbu haifuati nambari, inafuata pale kidole cha mtu kilipozoea kupita.

Hiyo sababu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya pili ndiyo yenye uzito.

Huku kuna watu wanaosema nukta ni ya wavivu. Wanasema kulenga kwa chuma kunafunza uvumilivu na kwamba ukimpa mtu njia ya mkato umemnyima adabu iliyokuwa njiani. Hoja hii tunaijua. Ndiyo ile ya mwalimu aliyekataza kikokotoo, na ya dereva wa zamani anayedharau gari lisilo na gia za kubadilisha kwa mkono. Wakati mwingine ina kweli ndani yake. Kwa nukta, nadhani imekosea mahali. Siku moja uwanjani nilitazama karatasi za vijana waliokuwa wakijaribu nukta mara ya kwanza, zilikuwa vibaya kuliko walivyotarajia. Nukta haitulii. Inacheza. Kila mtikisiko mdogo wa mkono, ambao kwa vilengeo vya chuma ulijificha, kwa nukta unauona wazi ukiruka huku na huku mbele ya jicho lako. Na ukiinyanyua bastola ikiwa imepinda kidogo, nukta huioni kabisa, unabaki kutazama kioo kitupu kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Haikufichi udhaifu wako. Inakuonyesha. Sijui adabu gani kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo simlaumu Mzee kwa uvivu. Ninachokiuliza ni hiki: baada ya kumpa jicho jipya, je, tumempa pia kitu kingine ambacho hakukiomba?

Watetezi wa nukta hutoa hoja moja ya maadili ambayo ni nzuri, na nimeisikia kutoka kwa watu makini. Wanasema bastola inayolenga vizuri ni salama zaidi kwa watu wote. Risasi inayokosa haiyeyuki hewani. Inaendelea na safari yake mpaka ikutane na ukuta, au dirisha, au mtoto wa jirani. Kama mtu atalazimika kufyatua, ni afadhali apige anachokusudia. Sina cha kupinga hapo. Lakini hoja hiyo inadhani tayari tumekubaliana kuhusu neno moja: anachokusudia.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, katika Bronx, New York, maafisa wanne wa polisi waliovaa nguo za kiraia walimkuta Amadou Diallo mlangoni mwa jengo alilokuwa akiishi. Alikuwa kijana wa miaka 23, mhamiaji kutoka Guinea. Aliingiza mkono mfukoni akatoa waleti. Walisema walidhani ni bastola. Walifyatua risasi 41. Zilizompata zilikuwa 19. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachilia huru wote wanne.

Sasa chukua hoja ya usalama uipeleke kwenye mlango ule. Risasi 22 zilikosa. Tuwape maafisa wale nukta nyekundu, bora kabisa inayouzwa. Hesabu inakuwa nzuri zaidi: risasi chache zaidi ukutani, chache zaidi kwenye korido ambako majirani wangeweza kuwa wamesimama. Kila kipimo cha uwanja wa shabaha kingepanda. Na Diallo angekuwa amekufa vilevile, ameshika waleti. Nukta ingekaa barabara juu ya kifua chake bila kujua kilicho mkononi mwake. Nukta haioni. Inaonyesha tu risasi itakwenda wapi, na swali kubwa la usiku ule lilikuwa kama risasi ilipaswa kwenda popote.

Mtu anaweza kunijibu: lakini wewe mwenyewe umesema nukta inamwacha mlengaji amtazame mtu badala ya kutazama chuma. Si huenda wangeiona ile waleti? Ni jibu la haki, na nililishikilia kwa muda, kwa sababu lingenipa mwisho mzuri wa makala hii: teknolojia inayotufungua macho tuwaone wenzetu. Nimeliacha. Watu waliowahi kufyatua wakiwa na hofu husimulia mara nyingi kwamba hawakuona vilengeo vyovyote, vya chuma wala vya kioo. Walimtazama mtu. Walimtazama sana, na waliona kile hofu ilichowaandalia kukiona. Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema, lakini methali hiyo haikumfikiria mtu ambaye ameshaamua anaona nini kabla hajatazama.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Bronx kulijua hili. Tarehe 17 Juni 2025, mchana kweupe katikati ya Nairobi, video iliyosambaa nchi nzima ilionyesha polisi akimfyatulia risasi kichwani kijana muuza barakoa, kwa karibu mno. Siku chache baadaye tukasikia amefariki. Umbali ule haukuhitaji nukta, haukuhitaji hata vilengeo vya chuma. Uwezo wa kuona haukupungua chochote mahali pale. Kilichopungua hakiuzwi dukani.

Basi nukta haina maana yoyote kimaadili? Hapana, ninadhani inayo, na hapa ndipo nilipofika baada ya miezi yangu ya kufikiri. Nukta haimfanyi mtu awe mwema. Inamwondolea visingizio. Mtu aliyefundishwa kuacha shabaha iwe na ukungu anaweza kusema, na wakati mwingine kwa ukweli, kwamba hakuona vizuri: mkono ulitetemeka, chuma kilifunika, giza liliingia. Mtu mwenye nukta amejinunulia uoni. Amelipa mamia ya dola ili awe na nafasi ya kumtazama aliye mbele yake mpaka sekunde ya mwisho, mikono yake, uso wake, alichoshika. Nafasi hiyo akiwa nayo, anadaiwa kuitumia. Uzito ule niliouliza unakwenda wapi haukuondoka. Ulitoka kwenye mkono na jicho, ambako ulikuwa ni ufundi, ukahamia kwenye uamuzi, ambako hakuna fundi anayeweza kukusaidia kuubeba.

Ndivyo ilivyo kwa kila kifaa kinachorahisisha jambo zito, ukikifikiria. Daktari aliyepata mashine ya kuona ndani ya mwili hawezi tena kusema kama zamani kwamba hakujua. Mwandishi mwenye simu inayoweza kuthibitisha habari kwa dakika mbili hana tena ruhusa ya kuandika uvumi. Kabla ya hapo kutoweza kulikuwa kinga, hata kama ni kinga ya unyonge. Kila tunachokiweza kinaleta deni lake, na wauzaji hawaliandiki deni hilo kwenye lebo ya bei.

Hapo ndipo ninapoiona busara ya sababu ya pili ya binti, ingawa sikubaliani naye hadi mwisho. Anaposema mwili ukichoka uweke silaha chini, anaamini kwamba mipaka ya mwili ni mshauri. Ni kweli kwamba mara nyingi ni mshauri mzuri. Mzee asiyeona kilengeo hawezi kujidanganya kwamba yeye ndiye mlinzi wa mtaa. Mpe nukta, na huenda siku moja, akisikia kelele nje usiku, atatoka mlangoni ambapo zamani angepiga simu na kusubiri. Ujasiri ule hautatoka moyoni, utatoka kwenye kioo. Hilo linaniogopesha kuliko chuma chochote kilichochongwa.

Lakini mipaka ya mwili haichagui kwa haki. Inamnyamazisha mtu mwangalifu wa miaka 67 na kumwacha mpumbavu wa miaka 22 mwenye macho makali. Kama tutategemea macho mabovu kutuepusha na uamuzi mbovu, tutakuwa tumeacha maadili yetu kwa daktari wa miwani. Ningependa mtu aweke silaha chini kwa sababu amepima moyo wake akaona hautoshi. Na nikimkuta mwenye macho makali aliyefanya hivyo, huyo namheshimu zaidi, maana hakuna kilichomlazimisha.

Nilimwambia Mzee hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Nilimuuliza, kabla hajalipa: ukishaiona shabaha wazi, ni nini utakubali kuwa shabaha? Hakupenda swali. Alisema anapiga karatasi. Nikamwambia basi liandike, kwamba ni karatasi tu, ulibandike kwenye kabati la bastola ulione kila unapolifungua. Sijui kama alibandika. Ninachojua ni kwamba karatasi zake za Jumamosi zina matundu katikati tena, na binti yake bado hazitazami.

Mafundi wataendelea kuchonga, na sina hoja ya kuwazuia. Kila mwaka vioo vitakuwa vidogo zaidi, betri zitadumu zaidi, na siku itafika ambapo bastola yenye vilengeo vya chuma peke yake itaonekana kama saa ya kujazwa kwa ufunguo. Siku hiyo mtu yeyote ataweza kuweka nukta anapotaka. Anachotaka kitakuwa kazi yake mwenyewe, kama ilivyokuwa mwaka 1911, na kama ilivyokuwa kabla hata ya baruti, wakati mtu alisimama na upinde mkononi na mwenzake yuko mbele yake, akimtazama.